Simu ya Kumkaribisha Mgeni

Simu iliyomng'oa dobi jino ilipigwa kwa nia njema kabisa, Jumanne, saa saba na dakika kumi mchana, na mwalimu mstaafu ambaye maisha yake yote hakuwahi kumnyanyulia mtu mkono.

Mwalimu alikuwa katibu wa kamati ya wageni kanisani. Sheria yake ilikuwa moja tu: mtu akija Jumapili kwa mara ya kwanza, apigiwe simu kabla ya Jumatano, ajue kwamba ameonekana. Alikuwa na sauti nzito na tamu, sauti ya kusomea matangazo, na hakuifanyia ubahili. Katika daftari lake, ukurasa wa Jumapili iliyopita, palikuwa na mgeni mmoja: mwanamke wa miaka kama thelathini, anayefua na kupiga pasi nguo za watu. Aliingia na binti yake mdogo nyimbo zikiwa zimeshaanza, akakaa safu ya nyuma kabisa. Walimsimamisha, wakampigia makofi, wakampa karatasi aandike namba ya simu. Mkono wake ulikuwa ukitetemeka. Mwalimu alidhani ni haya.

"Haloo, dada yangu. Hujambo? Usishtuke, ni mimi niliyekushika mkono Jumapili pale mlangoni. Tulifurahi mno kukuona. Tangu uondoke tunakuwaza. Nafasi yako ipo, inakungoja. Usituache, dada. Jumapili uje, nami nitakuwa pale pale nakusubiri."

Upande wa pili palikuwa kimya. Mtu alikuwa akipumua.

"Haloo? Unanisikia?"

Simu ikakatika. Mwalimu alidhani ni mtandao. Akaweka alama ya vema kwenye daftari, akaenda kula chakula cha mchana.

Aliyekuwa akipumua ni mume wa dobi, dereva wa lori la mchanga. Siku hiyo lori lilikuwa gereji, naye alikuwa amekaa kitandani na simu ya mkewe mkononi, huku mkewe yuko uani anaanika mashuka. Hakumwita kwa ukali. Alimwita kwa upole: "Mama, hebu njoo kidogo." Dobi aliposikia upole ule, alilirudisha shuka kwenye beseni, maana aliujua. Alimwambia mtoto abaki nje. Alipoingia, mlango ukafungwa nyuma yake.

"Nani amekushika mkono Jumapili?"

Hakupata nafasi ya kujibu. Ngumi ya kwanza ilimpata mdomoni, ya pili ilimkuta ameshainama. Kisha Dereva akaachana na ngumi. Akachukua pasi, nzito, ya baridi, akamshindilia nayo begani, kila pigo na neno lake: "Nafasi! Yako! Ipo!" Uani, mtoto alisimama katikati ya mashuka yanayodondosha maji. Hakulia. Alikuwa na miaka minne na alishajifunza kwamba kilio humtoa baba nje.

*

Jumapili iliyofuata dobi hakuonekana.

Mwenyekiti wa kamati ya wageni alikuwa fundi cherehani wa miaka arobaini na kitu, mwanamke mnene mwenye kicheko cha karibu, ambaye waumini walimwita Mama Karibu. Baada ya ibada alimfuata Mwalimu.

"Yule dada wa safu ya nyuma ulimpigia?"

"Nilimpigia Jumanne. Alama yake hii hapa."

"Akasemaje?"

"Mtandao ulikatika."

"Kwa hiyo hakusema kitu."

"Mama Karibu," Mwalimu alisema, akifunga daftari, "sisi kazi yetu ni kualika. Miguu ni ya mwenyewe."

Jibu hilo lilimkaa vibaya Mama Karibu. Jumatatu asubuhi, alipokuwa akikunja gauni la kumpelekea binti wa dobi, alilolishona kwa vipande vya vitambaa vilivyobaki, mumewe alimtazama kwa jicho la pembeni. Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea, anayetengeneza milango na madirisha ya chuma hapo hapo uani kwao, na kanisani aliingia siku za harusi na mazishi tu.

"Nyie watu wa kanisa," alisema, "mtu akipita mara moja mnataka kumfunga kamba."

"Nakwenda kumjulia hali."

"Mwache aende," alidakia Bibi, mama yake Fundi, aliyekuwa amekaa kizingitini akisugua miguu yake kwa mafuta. "Wewe ulikuja kwa baba yake huyu kuazima nyundo, ukarudi kila siku miezi mitatu. Kuna aliyekufunga kamba?"

Fundi akacheka, akashusha kinyago chake cha kuchomelea. Mama Karibu alitoka nyumbani watu wote watatu wakiwa wanacheka.

Nyumba ya dobi haikuwa ngumu kuipata. Kila mtu mtaani alimjua kwa mashuka. Alimkuta nyuma ya kamba ya nguo, kitambaa kimeteremshwa hadi kwenye nyusi. Upande mmoja wa uso ulikuwa umeingia rangi ya biringanya, na mkono wa kulia alikuwa akiunyanyua kwa kuusaidia na wa kushoto.

"Mungu wangu! Umefanyaje?"

"Nilianguka."

"Ukaangukia wapi?"

Dobi aliendelea kubana nguo. Alipoongea, hewa ilipita mahali palipokuwa na jino. "Dada, ile simu yenu aliipokea yeye. Alinipiga kwa pasi, kila pigo na neno, nafasi yako ipo, nafasi yako ipo. Mimi hata sikujua ni maneno ya nani."

Mama Karibu akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, gauni la mtoto mapajani.

"Kwetu uliletwa na nani siku ile?"

"Sikuletwa. Nilikuwa nimetoka nyumbani, sijui nakwenda wapi. Mlango wenu ulikuwa wazi na nikaona pa kukaa."

Walikuwa hawajasikia lango. Dereva alikuwa ameshasimama nyuma yao, mchanga umemganda shingoni, funguo zinaning'inia kidoleni.

"Wewe ndiye wa kanisa?"

Mama Karibu akasimama haraka, akatanguliza adabu. "Ndiyo, shemeji. Nimekuja kuomba radhi. Ile simu ilikuwa ya..."

"Kumbe wanatuma na makuwadi."

Alimshika nywele, akaugonga uso wake kwenye nguzo ya kamba ya nguo. Aligonga mara ya pili, kwa utaratibu, kama mtu anayegongelea msumari. "Mwache! Ni mtu mzima huyo!" dobi alipiga kelele, akamrukia mgongoni, naye akamsukuma kwa teke la tumbo lililomlaza chini. Kamba ilikatika. Mashuka mabichi yakamwangukia Mama Karibu, akatoka chini yake akitambaa kwa magoti na mikono, kama mnyama, mpaka nje ya lango. Jirani mmoja aliyekuwa dirishani akavuta pazia.

Alirudi kwa kupitia barabara ya maduka, kwa kuwa hakukuwa na njia nyingine. Damu ilikuwa imeshuka hadi kifuani. Wateja wake wawili walimwona kwa mbali, wakanyanyua mkono kumsalimu, kisha wakaugeuza mkono ule kuwa wa kujikuna shingo.

Fundi alizima mtambo alipomwona. "Nani?"

"Nilianguka," alisema Mama Karibu. Neno lilipomtoka, alijisikia mwenyewe, na hapo ndipo alipoanza kulia.

Alipomaliza kueleza, Fundi alikuwa ameshashika nondo. Mama yake alikuwa ameshasimama langoni, mikono kiunoni, mwili wenyewe umepungua kwa uzee lakini umeziba njia.

"Ukitoka na chuma hicho utarudi na pingu. Kaa chini."

"Mama, nipishe."

"Nimekuzaa, sikupishi. Kaa!"

Akakaa. Lakini hakuirudisha nondo mahali pake.

*

Jumanne Mwalimu alikuja kumpa pole, amevaa koti lake la ibada. Alikunywa maji, akasifu madirisha ya chuma yaliyoegemezwa ukutani, akazunguka weee, mwisho akafika.

"Tumekaa na wazee, mama. Tumeonelea jambo hili tulifunge kwa maombi. Ni mambo ya ndani ya nyumba ya mtu. Likifika polisi, jina la kanisa litaingia kwenye jalada, na watu watasema tunavunja ndoa."

"Na uso wangu, Mwalimu, nao ni wa ndani ya nyumba ya mtu?"

"Si hivyo..."

"Unajua alivyopigwa yule dada? Alipigwa kwa pasi. Na kila pigo lilikuwa na neno. Unataka kujua maneno gani?"

Mwalimu akamtazama.

"Nafasi. Yako. Ipo."

Mwalimu aliweka glasi chini. Alikumbuka alama ya vema, na chakula alichokula siku ile kwa hamu, akaongezewa. Akaaga bila kunyoosha mkono. Bibi, aliyekuwa akisikiliza kizingitini, alimwangalia akiondoka, akasema kwa sauti ya kusikika, "Koti zuri. Limepata pa kuning'inia tu."

*

Alhamisi saa tano asubuhi dobi aliingia uani kwa Fundi mbio, peku, mtoto mgongoni amefungwa kwa shuka la mteja. Siku ile ya kwanza alikuwa amesikia wakielekezana mahali Mama Karibu anaposhonea. Hilo ndilo jambo pekee alilotoka nalo kanisani.

"Amesema leo ananimaliza," alisema. "Sina pengine."

Mama Karibu hakuuliza swali. Alimpokea mtoto, akamkabidhi kwa Bibi, akawasukuma wote watatu ndani ya chumba, akasikia komeo likisukumwa. Fundi alikuwa akipima fremu ya mlango. Alivua glavu moja, kisha ya pili, taratibu.

Walilisikia lori kabla ya kuliona. Halikusimama langoni. Liliingia na lango, mabawa yote mawili ya chuma aliyoyachomelea Fundi kwa mikono yake, moja likang'oka bawabani na kuburutwa hadi katikati ya uani. Dereva akashuka na spana ya magurudumu, ndefu kama mkono wa mtu.

"Nipe mke wangu."

"Ndani kuna mgeni wetu," alisema Fundi. "Mke wako mimi simjui."

"Kumbe ni wewe! Wewe ndiye wa simu!"

Spana ilimpata Fundi begani, mahali shingo inapoanzia. Alianguka juu ya fremu, chuma kikalia uani kote. Dereva hakumtazama tena. Alikwenda kwenye mlango wa chumba, na mbele ya mlango alisimama Mama Karibu, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni, mkono umeshika mwimo wa mlango. Hakuwa na kitu kingine.

"Toka."

"Sitoki."

Alipiga mwimo. Vidole viwili vya Mama Karibu vilikuwa juu yake. Hakusikia maumivu kwanza. Alisikia mlio, akaona vidole vimeelekea upande usio wao. Ndani, dobi alikuwa akipiga mayowe, "Nifungulie nitoke, Bibi! Nitoke, atawaua!" na Bibi akijibu kwa sauti kavu, "Hutoki."

Spana ilinyanyuka tena. Bomba la chuma likaja kutoka nyuma na kuukuta mkono huo hewani. Mfupa ulikatika kwa mlio wa kijiti kikavu. Spana ikaanguka. Dereva akageuka, akapigwa pigo la pili gotini, akaenda chini.

Jambo lingekwisha hapo. Halikuisha. Fundi alimpiga mgongoni. Akampiga mbavuni. Dereva alikuwa akisema "basi, kaka, basi," kwa sauti nyembamba ambayo mkewe hakuwahi kuisikia, lakini Fundi hakusikia kitu. Siku tatu alikuwa amelala kando ya uso wa mkewe uliovimba, na sasa mikono yake ilikuwa imepata kazi, ikaifanya kama inavyofanya kazi zote, kwa pigo moja moja, zito, lisilokosea. Damu ilikuwa ikitoka sikioni kwa Dereva. Bomba likapanda juu tena, mara hii likilenga kichwa.

Mama Karibu alijitupa juu ya Dereva. Alimlalia mwili mzima, mtu aliyemvunja vidole, akakifunika kichwa chake kwa kifua.

"Nipige mimi!" alipiga kelele. "Nipige mimi basi, umalize!"

Bomba lilibaki hewani. Dirisha la chumba likafunguka, na Bibi akasema, si kwa ukali, "Baba. Weka chini."

Akaliweka chini. Akatembea hadi mahali lango lilipokuwa, akashika ukuta, akatapika. Majirani waliokuwa wamejaa barabarani walirudi nyuma hatua moja, na hakuna aliyemletea maji.

*

Polisi walimchukua Fundi. Dereva akapelekwa hospitali, na huko kitandani, mkono ukiwa kwenye plasta, akatoa maelezo yake akiwa na akili timamu.

Ijumaa mchana walikuwa kituoni wote: Mama Karibu na vidole vyake vimefungwa kwenye kipande cha ubao, dobi, na Mwalimu, ambaye wazee walimtuma "akasikilize tu, asiseme." Afande wa zamu, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alisoma jalada kwa sauti ya mtu aliyesoma majalada mengi.

"Mlalamikaji anasema fundi huyu ni hawara wa mke wake. Wamekutana kanisani. Alimpigia simu Jumanne ya wiki iliyopita, akamwambia nafasi yako ipo. Mlalamikaji akaenda kumchukua mke wake, akavamiwa na kupigwa karibu kufa."

"Mume wangu?" Mama Karibu alicheka, ingawa mdomo ulimuuma. "Afande, mume wangu hajakanyaga ibada tangu tufunge ndoa."

"Ndio wenyewe hao, mama. Asiyesali ukimkuta kanisani ghafla, jiulize." Afande akavua miwani. "Hii namba iliyopiga ni ya nani?"

Mwalimu alikuwa akitazama viatu vyake. Mtandao ungeweza kuulizwa, siku ingeweza kupita, wiki ingeweza kupita, na Fundi alikuwa nyuma ya ukuta ule, amesimama bila viatu kwenye saruji.

Asubuhi ya siku hiyo shemeji yake dobi, kaka wa Dereva, alikuwa amemfuata kwa Fundi na kuzungumza naye kwa utu. Aseme kama alivyosema mumewe, yaishe. Atarudi nyumbani kwake, atakuwa na paa, mtoto atakuwa na baba. Akikataa, vitu vyake atavikuta barabarani, na mtoto ni wa ukoo. Dobi alikuwa amemsikiliza hadi mwisho na kumwambia, "Nimekusikia, shemeji." Hakumwambia mtu mwingine yeyote.

Sasa akasimama. Alishusha kanga begani mbele ya Afande na mbele ya wanaume wawili waliokuwa wakisubiri zamu yao kwenye benchi, na alama ya pasi ilikuwa pale, ncha yake imechorwa wazi kwenye ngozi, mara tatu.

"Huyo fundi sijawahi kuongea naye mpaka jana," alisema. "Hajanishika hata mkono. Hii ni Jumanne ya wiki iliyopita. Jino hili, siku hiyo hiyo. Mbavu, mwaka jana, kwa sababu ya chumvi. Mimba ya pili, mwaka juzi. Jana alikuja na spana kuniua, na huyu mama akasimama mlangoni. Vidole vile ni vyangu mimi. Nilitakiwa kuvunjwa mimi."

Aliongea bila kulia, na Afande aliandika bila kumkatisha. Alipofika mwisho, benchi lililia. Mwalimu alikuwa amesimama.

"Namba ni yangu," alisema. Haikuwa sauti ya matangazo. "Nilipiga mimi. Niliongea kama mtu anayejua anaongea na nani, nami sikujua. Niandike, afande. Na kanisa liandike."

Fundi alitoka kwa dhamana jioni hiyo. Miezi iliyofuata ilikuwa na mambo yake: Dereva alifungwa miaka kadhaa, ndugu zake wakamtukana dobi mahakamani hadi hakimu akawatoa nje. Fundi naye alihukumiwa kifungo cha nje kwa kuzidisha kipigo, na hakukata rufaa. "Yale mawili ya kwanza ningejibu popote," alimwambia mama yake. "Yale mengine sina jibu." Vidole vya Mama Karibu havikunyooka tena, alijifunza kusukuma kitambaa kwa vilivyobaki. Familia mbili zilihama kanisa kwa kusema limeingia siasa za ndoa. Mwalimu aliendelea kupokea wageni, lakini sasa aliwauliza kwanza kama wapigiwe, na saa ngapi, na wengi walishangaa kuulizwa. Dobi alikaa chumba kimoja na Bibi kwa miezi minne, wakigombana kila siku kuhusu dirisha, lilale wazi au lifungwe.

Lakini Ijumaa ile hakuna aliyeyajua hayo. Palikuwa na meza, jalada, na karatasi yenye nafasi za kujaza, na Afande alikuwa amebakiza mistari michache.

"Uhusiano wako na mtuhumiwa?"

"Sina, afande."

"Na huyu mama?"

Dobi alimtazama Mama Karibu. Jicho moja la mama yule lilikuwa bado halifunguki vizuri.

"Ni wa kanisani kwetu."

"Kwenu?" Afande alipitisha kidole juu ya maelezo, akarudi mstari wa kwanza. "Hapa umesema ulikwenda. Ulikwenda mara ngapi?"

"Mara moja."

Kalamu ikasimama. "Mara moja, ndiyo unasema kwetu?"

"Andika hivyo hivyo," alisema dobi.

Afande akaandika.